Uzee wa Kompyuta

Kompyuta ya shule ikianza kujizima yenyewe husemwa kuwa imezeeka, kisha hupelekwa stoo. Kauli hiyo yafaa ichunguzwe, kwani kompyuta ni mkusanyiko wa vipande vingi, navyo havizeeki pamoja.

Tuchukue mfano wa kapasita, yaani vile vikopo vidogo vya alumini vinavyohifadhi chaji na kutuliza mkondo wa umeme. Katika nyingi kati ya hizo mna karatasi iliyoloweshwa kiowevu. Joto hukigeuza kiowevu hicho kuwa mvuke, nao hupenya kizibo cha mpira kidogo kidogo mpaka kapasita ikauke. Mafundi hukadiria kwamba joto likipungua kwa nyuzi 10 za Sentigredi, umri wa kapasita huongezeka maradufu. Basi kapasita iliyotengenezwa kudumu saa 2,000 katika nyuzi 105 itadumu takriban saa 16,000 katika nyuzi 75, na saa 32,000 katika nyuzi 65. Kwa shule inayowasha kompyuta saa 8 kwa siku, siku 200 kwa mwaka, hiyo ni tofauti ya miaka 10 na miaka 20. Vumbi lililoziba feni laweza kuleta nyuzi hizo 10. Brashi laini, basi, ni chombo cha thamani kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kapasita iliyochoka mara nyingi huvimba kichwani. Hata hivyo, mwanafunzi asifungue kamwe kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani: chaji ya hatari hubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa. Ama kompyuta inayosahau tarehe kila asubuhi, kwa kawaida hudai betri mpya tu, ile ya volti 3 iliyo mfano wa sarafu.

Uzee wa pili hautokani na joto. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai kifaa cha usalama na prosesa ambazo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine hizo ni nzima. Kilichozeeka ni programu. Kwa maoni yangu, mwalimu azijaribu kwanza kwa Linux, ambayo hupatikana bila malipo na yaweza kujaribiwa kutoka katika diski ndogo ya kuchomeka kabla ya kufuta chochote.