Kaa Fiti, Ganji Ibaki Mfuko

Cheki rada. Kuna mababi Kilimani wanalipa mathao kila mwezi ndio wakimbie juu ya mashine wakiangalia ukuta. Wakimaliza wanabuy juisi ya kijani, eti ni ya detox, inaosha mwili. Manze, ini na figo zako zimefanya hiyo job tangu uzaliwe. Bei? Zii.

Mwili unataka vitu ndogo, lakini kila siku. Anza na mguu. WHO inasema mtu mzima apige zoezi dakika 150 kwa wiki, na kutembea haraka iko ndani. Nusu saa, siku tano, umeua hiyo story. Ukitoka tao na nganya ya 58, shukia Hamza, Buru umalizie na ndula. Ukiweza kubonga lakini kuimba imekulemea, speed iko fiti. Bei? Zii. Na mguu haikwami kwa jam.

Mangware usianze na simu. Toka keja, mwangaza ikupate dakika kumi hivi. Hiyo ndio huset saa ya mwili, na usiku usingizi inakam bila kubembelezwa. Lala masaa saba, bana. Kukesha TikTok hadi saa tisa halafu unajigamba eti wewe ni hasla hulali ni aibu. Macho nyekundu si luku.

Dishi sasa. Soda ya nusu lita inaeza beba sukari kama gramu 50, karibu vijiko 12 za chai. WHO inataka usipitishe hiyo 50 siku mzima, na ikiwezekana ushuke hadi 25. Chupa moja, umemaliza bajeti, na chai ya mathe bado haijaiva. Chapo madondo ya kibandaski haina noma, madondo iko na protini ya kutosha. Itisha na managu. Omena nayo unaimanga na mifupa yake, so kalisiamu imeingia. Jioni wachana na kahawa, itakuweka macho ka soja wa geti.

Tukuje kwa kichwa. Wazae watakushow depresheni ni ya wazungu, kaa ngumu, wao walitembea hadi shule bila viatu na hakuna mtu alilia. Na hao ndio hupandisha presha na taarifa ya habari! Hiyo kaa ngumu imemaliza maboy wengi mtaani. Beshte akiacha kushow base, usimtumie emoji. Enda kwake, mtoe, pigeni raundi mkibonga. Mguu ikisonga, mdomo hufunguka. Wiki mbili zikiisha na bado hali, halali, hataki kitu, mpeleke hosi. Huo ni ugonjwa, na inatibika.

Usijaribu zote Monday. Shika moja hadi ikuingie, ndio uongeze ingine. Na uitangaze kwa grupu ya mbogi, ju hao wasee hawatakuacha ulegee.