Kura ya liwali na kura za wajumbe

Siku za uchaguzi zikikaribia, ulizo moja linasikika katika parokia zetu zote: «Nani atakuwa liwali?» Watu wanabishana jioni nzima juu ya mtu mmoja: jina lake, kabila lake, chama chake. Lakini ni wachache wanaouliza: «Nani atakaa katika baraza la jimbo? Nani atakuwa mshauri wa komini yetu?» Tumeona ni vema kueleza jambo hili, maana kusahau viti vidogo kunaleta hasara kubwa. Ili tulieleze wazi, twende kwanza mbali, katika inchi ya Ufilipino, kisha turudi kwetu Kongo. Tunaichagua Ufilipino kwa sababu mbili. Kwanza, watu wake wengi ni wakatoliki kama sisi. Pili, huko padri mmoja alipata kuwa liwali, na mambo yaliyompata yanafundisha.

I. Namna wanavyochagua Ufilipino

Ufilipino ni inchi ya Asia yenye visiwa zaidi ya 7,000. Ina majimbo 82. Ndani ya kila jimbo kuna miji mikubwa na midogo, na kila mji una meya wake. Chini kabisa kuna vijiji na mitaa. Wenyewe wanaviita barangay.

Zamani, wakati wa Rais Marcos, amri karibu zote zilitoka Manila, mji mkuu. Marcos aliangushwa mwaka 1986. Katiba mpya ya mwaka 1987, na tena sheria kubwa ya mwaka 1991, ziliyapa majimbo na miji nguvu na feza zao wenyewe. Tangu hapo, kila miaka 3, siku ya jumatatu ya pili ya mwezi wa Mei, raia wanawachagua wakubwa wao wa mahali. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 12 Mei 2025.

Tuangalie karatasi ya kura. Raia anamchagua liwali. Kisha, mahali pengine pa karatasi, anamchagua makamu wa liwali. Kisha wajumbe wa baraza la jimbo. Anamchagua pia meya wa mji wake, makamu wa meya, na washauri wa mji. Kila kiti kinapigiwa kura peke yake. Anayepata kura nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata kama hakufikia nusu ya kura zote. Hakuna duru ya pili. Hakuna anayeruhusiwa kukaa katika kiti kimoja zaidi ya mara 3 zinazofuatana.

Hapo msomaji aone jambo lenyewe. Kwa kuwa viti vinachaguliwa mbalimbali, yawezekana liwali awe wa upande huu, na makamu wake awe wa upande wa wapinzani. Tena mwenyekiti wa baraza la jimbo siye liwali, bali ni makamu wake. Na baraza ndilo linalotunga amri za jimbo na kukubali hesabu ya feza za mwaka. Liwali anapanga na kutenda, lakini feza hazitoki pasipo baraza. Liwali pasipo baraza ni kama kichwa pasipo mikono: kinaona, kinasema, lakini hakiwezi kuinua kitu.

II. Padri aliyekuwa liwali

Kaskazini ya Manila kuna jimbo linaloitwa Pampanga. Mwezi wa Juni 1991 mlima wa moto Pinatubo ulipasuka. Miaka iliyofuata, kila mvua ilipokunya, tope la majivu na mchanga liliteremka na kufunika nyumba, mashamba na hata makanisa. Lakini mchanga ule ule uligeuka kuwa mali: wajenzi waliununua, na magari yaliupakia mchana na usiku.

Sheria inasema jimbo litoze kodi juu ya mchanga. Inasema pia namna ya kuigawanya: sehemu 30 kwa 100 ni za jimbo, 30 ni za mji ulipochimbwa, na 40 ni za barangay. Kwa hiyo mkono wa kila mkubwa, tangu liwali mpaka mkubwa wa mtaa, umo ndani ya mfuko mmoja. Watu waliona magari mengi yakipita, lakini feza zilizoingia katika sanduku la jimbo zilikuwa kidogo.

Mwaka 2007 padri Eddie Panlilio alikubali kusimama katika uchaguzi wa liwali. Alishindana na watu wawili wenye nguvu: Mark Lapid, aliyekuwa liwali wakati ule, na Lilia Pineda, aliyekuwa mjumbe wa baraza la jimbo. Panlilio hakuwa na chama kikubwa wala mali nyingi. Walimsaidia watu wa parokia na raia waliochoka na rushwa. Askofu mkuu wake wa San Fernando alimwondolea kazi za upadri, maana sheria ya Eklezya, katika kanuni 285, inakataza mapadri kushika kazi za utawala wa serikali. Hata hivyo Panlilio alishinda. Alimpita Pineda kwa kura 1,147 tu.

Mambo ya kwanza yalifurahisha wengi. Kodi ya mchanga ilianza kuonekana. Habari za siku zile zilitaja peso karibu 1,000,000 kwa siku moja. Mwezi wa Oktoba 2007, baada ya mkutano wa maliwali na mameya katika jumba la Rais, Panlilio alitangaza mbele ya watu wote kwamba alipewa mfuko wenye peso 500,000. Wengi walishangaa, si kwa sababu mfuko ulitolewa, bali kwa sababu aliyepewa alisema.

Lakini furaha haikudumu. Kwa nini? Kwa sababu raia waliomchagua padri kuwa liwali waliwachagua watu wa upande mwingine katika viti vingine. Makamu wa liwali hakuwa mtu wake. Wajumbe wengi wa baraza hawakuwa watu wake. Mameya wengi vilevile. Magomvi yalianza juu ya feza, juu ya watumishi aliowachagua, juu ya kodi yenyewe. Wengine walitafuta sahihi za raia ili aondolewe kabla ya wakati wake. Wako waliosema kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgumu, hakujua kuketi na wapinzani na kupatana nao. Labda ni kweli kwa sehemu, maana mimbarani padri anasema na watu wanasikiliza, lakini katika baraza kila mtu anajibu.

Mwanzo wa mwaka 2010, baada ya kura za 2007 kuhesabiwa upya, waamuzi wa tume ya uchaguzi walisema kwamba Pineda ndiye aliyekuwa amepata kura nyingi. Mwezi wa Mei mwaka ule ule uchaguzi mpya ulifika, na Pineda alishinda waziwazi.

III. Mambo matatu ya kushika

La kwanza: kura ya liwali haitoshi. Mtu anayempa liwali mwema kura yake, kisha akauza kura ya mjumbe kwa pombe au kwa noti moja, amejenga kwa mkono wa kuume na kubomoa kwa mkono wa kushoto.

La pili: sheria nzuri inazungukwa kwa urahisi. Tumesema kwamba huko hakuna anayepita mara 3 zinazofuatana. Basi huko Pampanga Lilia Pineda alikuwa liwali tangu 2010 mpaka 2019. Kisha mwanawe Dennis akawa liwali, na mama akawa makamu. Mwaka 2025 mama akarudi kuwa liwali, na mwana akawa makamu. Sheria haikuvunjwa, na raia ndio waliopiga kura. Katiba ya 1987 inataka jamaa moja isishike utawala kama urithi, lakini iliacha bunge litunge sheria ya kueleza jambo hilo, na miaka mingi imepita bila sheria hiyo kutimizwa. Hata kwetu tunajua: si kazi rahisi kumwomba mwenye shamba atunge sheria ya kupunguza shamba lake.

La tatu: kiti cha jimbo kinaweza kumwaga damu. Tarehe 23 Novemba 2009, katika jimbo la Maguindanao, jamaa na rafiki za mtu aliyetaka kusimama kuwa liwali walikuwa njiani kupeleka karatasi zake ofisini. Walikamatwa na kuuawa. Waliokufa walikuwa 58, na 32 kati yao walikuwa waandishi wa habari na wasaidizi wao. Karatasi tu ya kuomba kura iliwapotezea uhai. Watu waliosema kwamba uchaguzi wa mahali ni jambo dogo wafikiri juu ya makaburi hayo.

IV. Kwetu Kongo

Sasa turudi nyumbani. Kwetu njia ni nyingine. Kwa Katiba ya 18 Februari 2006, raia hamchagui liwali kwa mkono wake. Raia anachagua wabunge wa jimbo. Hao wabunge ndio wanaomchagua liwali na makamu wake kwa miaka 5, na wanaweza kumwangusha wasipokuwa tena na tumaini kwake. Wabunge hao hao wanachagua pia maseneta. Vilevile, kwa sheria, washauri wa komini ndio wanaomchagua burgumestri wao.

Basi ikiwa Ufilipino kumsahau mjumbe ni kosa, kwetu ni kosa mara mbili. Huko raia akiuza kura ya mjumbe, bado ana kura ya liwali mkononi. Kwetu aliyeuza kura ya mbunge wa jimbo kwa kikwembe kimoja au kwa mfuko wa unga wa bukari, ameuza siku ile ile mbunge, liwali na seneta. Kisha anakaa miaka 5 akilalamika kwamba barabara haipitiki.

Tena palipo na wachaguzi makumi machache tu, mwenye feza hahitaji kuzunguka vijiji; inamtosha kuzunguka nyumba chache. Hatusemi wabunge wote ni wauzaji. Tunawajua watu waaminifu kati yao. Lakini mwezi wa Machi 2019 malalamiko ya rushwa katika uchaguzi wa maseneta yalikuwa makubwa hata wakuu wa inchi walisimamisha kwa siku chache kuingia kwao kazini, na uchaguzi wa maliwali ukasogezwa mbele. Na baada ya kura za tarehe 20 Desemba 2023, tume ya uchaguzi ilifuta kura za watu 82 waliosimama, kwa sababu ya udanganyifu na makosa mengine. Maliwali walikuwamo kati yao.

Wengine wanasema: «Basi tubadilishe, raia amchague liwali mwenyewe kama Ufilipino.» Ni ulizo la haki, na wenye elimu ya sheria walijadili. Lakini mfano wa Pampanga unatuonya tusifikiri kwamba njia mpya italeta watu wapya. Wenye feza watajifunza njia hiyo pia. Dawa ya kwanza ni raia anayejua bei ya kura yake.

V. Na sisi mapadri?

Wakristu wengine wanatuambia: «Ninyi mapadri hamwibi. Mbona hamsimami?» Neno hilo linatupendeza masikioni, ndiyo maana ni la hatari. Ng'ambo ya mto wetu, padri Fulbert Youlou alichaguliwa meya wa Brazzaville mwaka 1956, akawa rais wa inchi, na mwezi wa Agosti 1963 watu wenye hasira walimwangusha. Panlilio hakuwa kama Youlou. Lakini wote wawili waliacha altare, na wakristu wao waligawanyika: wengine walimwona padri, wengine walimwona mpinzani. Nani atawapatanisha watu baada ya kura, ikiwa mpatanishi mwenyewe alikuwa katika orodha?

Kazi yetu ni nyingine, wala si ndogo. Huko Ufilipino, tangu 1991, parokia zina chama chao cha walei cha kulinda uchaguzi: wanafundisha raia, wanasimama penye masanduku, wanafuata hesabu. Kwetu mwaka 2018 Maaskofu walituma watazamaji zaidi ya 39,000 katika inchi nzima. Wengi wao walikuwa walimu, wakulima, akina mama wa parokia. Hao ndio wanaoweza pia kusimama wenyewe, wakachaguliwa, wakakaa katika baraza na kujibu.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wa parokia na wanafunzi wa seminari mambo machache. Kabla ya uchaguzi, waulizeni wakristu kama wanajua majina ya wanaoomba kiti cha mbunge wa jimbo na cha mshauri wa komini. Waelezeni ni nani anayemchagua nani. Baada ya uchaguzi, chama cha walei kimwalike mbunge aliyeshinda, aje aeleze alimpa nani kura ya liwali na kwa sababu gani. Akikataa kuja, hilo nalo ni jibu, na watu walikumbuke miaka 5.

Wazee walisema: haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo ilivyo kwa viti vya jimbo. Kiti kikubwa kinasimama juu ya vidogo, na vidogo viko mikononi mwa mama anayeuza mihogo sokoni na baba anayengoja mshahara wake.