Shabiki wa Barafu Kigombe? Usicheke!

Kigombe barafu twaijua ya kuwekea samaki wasioze. Nairobi ni kitu kingine: ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa 2005. Hapo ndipo maskani ya Kenya Ice Lions, timu yangu ya magongo.

Washkaji wananiuliza, "Kwani Simba na Yanga zimekukosea nini?" Jamani, hawa jamaa walijinoa miaka bila timu ya kupambana nayo! Mwaka 2018 wakapelekwa Kanada, wakacheza upande mmoja na Sidney Crosby mwenyewe. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la dunia. Mpenzi msomaji, subiri makombe. Yakija, mtajazana wote. Mimi nishawahi nafasi!