Ukisafiri kwa baiskeli kutoka Manchira hadi ziwani

Katika wilaya zetu za Serengeti na Tarime baiskeli bado inafanya kazi kubwa, ingawa pikipiki zimejaa kila njia panda. Baiskeli hupeleka mahindi mashineni, maziwa sokoni, mtoto shuleni na mgonjwa zahanati. Tena miaka hii ya karibuni tunawaona pia wanaoendesha kwa mazoezi na kwa kutembea: vijana wa mjini wenye kofia ngumu, wageni wenye mizigo, na ule msafara wa Twende Butiama unaotoka Dar es Salaam hadi nyumbani kwa Mwalimu Nyerere kumkumbuka. Ukurasa wetu wa afya mwezi huu ni kwa wote hao, mwenye keria ya maziwa na mwenye baiskeli ya mbio.

Anayejiandaa kwa safari ya namna hii mara nyingi huuliza habari za wanyama wakali. Ni kweli tembo hutoka hifadhini wakaingia mashambani, kwa hiyo usiwe njiani giza linapoingia au kabla ya kupambazuka. Lakini wauguzi hatumpokei mwendesha baiskeli kwa sababu ya tembo. Tunampokea zaidi kwa sababu ya maji: ama maji aliyokosa kunywa, ama maji aliyoyakanyaga.

Njia yenyewe ni nzuri kwa macho. Anayeanzia pande za Manchira na Mugumu aweza kushika njia ya kaskazini, akavuka Mto Mara na kupita Nyamongo kwenda Tarime, au akaelekea magharibi kwa Nata na Butiama mpaka ashike lami ya Musoma. Lami hiyo ya Musoma na Tarime huvuka Mto Mara pale Kirumi, na hapo ndipo utaona bwawa kubwa la mafunjo na matete, ndege wengi, na wavuvi katika mitumbwi. Mto huu umetoka mbali, milima ya Mau nchini Kenya, umekwenda kama kilometa 395 hadi Ziwa Viktoria. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, udongo mweusi wa mbugani hushika magurudumu mpaka baiskeli humbeba mwenyewe kwa zamu.

Jua lisilosikika

Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mugumu iko juu zaidi. Ndiyo sababu hewa ya asubuhi ni ya ubaridi na msafiri hudanganyika. Anayelima huona jasho likimchuruzika akajua ana kiu. Anayeendesha baiskeli hupigwa na upepo, jasho hukauka papo hapo, naye hudhani hajatoka jasho. Kumbe mwili unaofanya kazi ngumu juani huweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na pengine zaidi.

Usingoje kiu. Kunywa kidogo kidogo tangu unapoanza, na ukisimama kukojoa tazama rangi ya mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, endelea. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, kaa kivulini unywe kabla ya kupanda tena. Kwa safari ya saa nyingi maji matupu hayatoshi, kwa kuwa jasho huondoka na chumvi. Tumia yale maji ya chumvi na sukari ambayo kina mama wanayajua kwa kutibu watoto wanaoharisha: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Usiongeze chumvi kwa kudhani ndiyo nguvu. Uji mwepesi na ndizi mbivu pia hufaa sana. Pombe na gongo ya njiani haifai hata kidogo, na sisemi hivyo kwa ajili ya roho peke yake: pombe hukausha mwili na kulegeza mikono kwenye breki.

Mwenzako akilalamika misuli kukaza, kichwa kuuma na kizunguzungu, mpumzishe kivulini anywe. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au kuyumba kama mlevi na mwili unawaka, au akizimia, hiyo ni hatari ya kufa. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kukoma, na mwingine akimbilie gari. Maji yoyote yafaa kwa kumwagia, hata ya mtaroni. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Maji ya kunywa na maji ya kukanyaga

Maji ya kunywa yachukue nyumbani au pale penye bomba na kisima kilichofunikwa. Wakazi wa Mugumu hupata maji kutoka bwawa la Manchira, nao yawapasa kuyachemsha. Ukilazimika kuchota njiani, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshe mpaka yatokote, au utie dawa ya klorini kama karatasi yake inavyoelekeza. Usiiname ukingoni mwa Mto Mara kujaza chupa, mamba wamo. Ujue pia kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi sumu. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa ziwani yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao hutumia zebaki. Maji yenye rangi au harufu ngeni yaache kabisa.

Sasa kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wa majini, huogelea, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda kwa dakika chache tu. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa ileile ambayo mwendesha baiskeli aliyechoka anatamani kutumbukiza miguu. Na iko desturi yetu ya kuingiza baiskeli bwawani kuiosha matope, mtu amesimama maji yakiwa magotini, akisugua ringi na mnyororo nusu saa nzima. Chota maji kwa ndoo uoshee nchi kavu. Maji yaliyokaa ndani ya chombo siku mbili bila konokono hayana tena hatari hiyo ya kichocho.

Ukiwa umekwisha kuingia, usihangaike kwa hofu. Nenda ukapimwe mkojo na choo baada ya miezi miwili hivi, hata kama hujaona damu, kwa sababu kichocho cha tumbo hukaa kimya miaka mingi kikiharibu ini. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu, na ni ileile wanayopewa watoto shuleni.

Kisigino cha mtoto

Hapa naomba wazazi wasome taratibu. Mtoto aliyepakiwa kwenye keria hana pa kuweka miguu. Akisinzia, mguu huingia kwenye spoki na kisigino huliwa. Mara nyingi kidonda huonekana kidogo siku ya kwanza, mama akaosha akafunga kitambaa. Siku ya nne au ya tano ngozi imekuwa nyeusi, maana ilikwisha pondwa na damu haikufika. Mtoto huyo hukaa wodini majuma mengi kwa jeraha ambalo ubao mdogo au kipande cha wavu kilichofungwa pembeni mwa gurudumu kingelizuia.

Likitokea, simamisha baiskeli na usiuvute mguu kwa nguvu wala kuzungusha gurudumu. Kata au pinda spoki. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, mbebe mguu ukiwa juu, mlete siku hiyohiyo. Usipake unga wa betri, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya meno. Ulizia chanjo ya pepopunda.

Kwa wakubwa, kofia ngumu si urembo wa wazungu. Barabara za lami sasa zina malori ya mwendo mkali.

Mbung'o

Penye mafunjo pana mbu, kwa hiyo lala ndani ya chandarua na homa yoyote ipimwe malaria. Kipimo kikionyesha hakuna malaria na homa ikaendelea, usinunue dawa nyingine dukani. Upande wa Fort Ikoma na mapori ya karibu na hifadhi kuna mbung'o, wengine huwaita ndorobo. Mdudu huyu hufuata kitu kinachokwenda, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito cha rangi ya khaki.

Malale ya huku kwetu huenda haraka, si kama ile ya Afrika Magharibi. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliopita Serengeti waliugua wakiwa wamekwisha rudi kwao, na waganga wa huko hawakuizoea. Dalili ni uvimbe mwekundu unaouma pale ulipoumwa, kisha homa, kichwa na tezi, ndani ya siku chache hadi majuma matatu. Mwambie mganga waziwazi: nilipita porini kwa baiskeli, niliumwa na mbung'o. Atachukua damu kuitazama kwa hadubini. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani limekubali vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina hii, ambayo hapo kwanza ilitibiwa kwa sindano tu.