Anayejua Mikwaju Yako

Gofu ya ridhaa kwa kawaida haina refa. Mtu huhesabu mikwaju yake mwenyewe, hujitoza adhabu mpira ukizama majini, kisha akawatajia wenzake idadi, nao wakaiandika. Ndiyo maana wachezaji wa mwishoni mwa wiki hujiita waungwana. Mimi naona uungwana huo una mlinzi wake, na jina lake haliandikwi kwenye kadi ya alama: kedi, mbeba mkoba wa fimbo.

Chukua Royal Nairobi, klabu iliyoanzishwa mwaka 1906. Jumamosi, kabla jua halijachomoza, wanachama huingia kwa magari kutoka upande wa Barabara ya Ngong. Makedi wengi huja kwa miguu kutoka Kibera, mtaa uliopakana na uwanja. Wasio na mteja wa kudumu husubiri zamu, na mwenye mteja wake hupokea mkoba akiwa tayari na utani.

“Mzee, leo wanalipa wenzako?”

“Wakilipa, nawe utakula.”

Wanaowahi wana sababu. Mashimo 18 huchukua kama saa nne, na Jumamosi ya Nairobi ina shughuli zake: posa, mazishi, kikao cha familia ambacho mke alishakutajia mara mbili.

Umande nao una faida yake. Mpira unaosukumwa kwenye grini ambayo bado haijapitiwa na mashine huacha mstari wa kijani kilichokolea, na anayefuata huona ulipoanzia kupinda. Hata hivyo, kedi hategemei mstari huo peke yake. Huchuchumaa nyuma ya mpira, akatazama nyasi zimelalia wapi, kisha akaashiria kwa ncha ya bendera. “Vidole viwili kushoto, mzee, na usiusukume sana.” Mkurugenzi ambaye ofisini hapingwi na mtu hutii bila swali.

Adabu za uwanjani hazifundishwi darasani. Aliyeshinda shimo lililopita hutangulia kupiga. Hukanyagi njia ya mpira wa mwenzako, wala kivuli chako hakimwangukii. Simu yako ikilia wakati ameshainua fimbo, utasamehewa kwa mdomo tu. (Viwanja vingine vina sheria zao ndogondogo: Jinja, nchini Uganda, kunajulikana kwa ile inayokuruhusu kuutoa mpira kwenye unyayo wa kiboko bila adhabu.)

Mtihani wenyewe ni mpira uliopotea vichakani. Tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2019, muda wa kuutafuta ni dakika 3. Zamani zilikuwa 5. Bwana mmoja hupotelea kwenye majani marefu, na dakika ya mwisho sauti yake husikika: “Nimeuona!” Ajabu, mpira umekaa pazuri, juu ya nyasi, kama uliotandikiwa kitanda. Kedi hutazama pembeni na kumpa fimbo anayoitaka. Hasemi kitu, kwani ujira wake uko mfukoni mwa bwana huyo. Lakini kabla ya adhuhuri kisa kimeshafika wanakokaa makedi, na huko hakuna mwanachama anayejulikana kwa cheo chake. Wanamjua kwa vichaka vyake.

Baada ya shimo la mwisho huja la kumi na tisa, yaani baa. Madau hulipwa hapo, na aliyetumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja hununulia wote vinywaji, desturi inayofanya bahati iwe ghali. Kedi haingii. Hubaki nje akifuta udongo kwenye fimbo 14, idadi ya juu inayoruhusiwa mkobani, akisubiri malipo na bahashishi. Shimo lile la mpira uliopotea, ambalo mezani linasimuliwa upya kwa kicheko, yeye analikumbuka lilivyokuwa.

Zipo klabu zinazowaachia makedi uwanja Jumatatu. Hucheza kwa fimbo za kuazimana, wakizipokezana, na baadhi yao hupiga vizuri kuliko mabosi wao wa Jumamosi. Siku hiyo hakuna anayethubutu kuokota mpira kichakani kwa namna ile, maana wote waliopo ni makedi.