Sukari ya mti iliyoingia kwenye dripu

Usiku wa manane kijana wa bodaboda anafikishwa wodi ya wagonjwa mahututi. Kichwa kimegonga lami, fahamu hana. Ubongo wake unavimba, na fuvu ni mfupa, halitanuki. Muuguzi anachukua chupa ya dawa, anaiinua kwenye taa na kuikagua. Kumbe baridi imeigandisha: chembe nyeupe kama chumvi zimetuama chini. Anaipasha kwenye maji ya moto mpaka ziyeyuke zote, anaiacha ipoe hadi ifikie joto la mwili, ndipo anaiunga kwenye mrija wenye kichujio.

Dawa hiyo ni manitoli. Chembe zile ni aina ya sukari, na jina lake limetokana na utomvu wa mti.

Mti wenyewe tuuite mfraksini, kwa kufuata jina lake la kitaalamu, Fraxinus. Uko wa aina nyingi. Unaotoa utomvu mtamu ni Fraxinus ornus, na makao yake mashuhuri ni milima ya Madonie katika kisiwa cha Sicilia, Italia, kwenye vijiji vya Castelbuono na Pollina. Kuanzia Julai hadi Septemba, jua linapokuwa kali, wakulima huchanja chale kwenye gome, moja juu ya nyingine kadiri siku zinavyokwenda. Utomvu huchuruzika, hukauka juani na kuning'inia kama nta ya mshumaa, mweupe, mwepesi, mtamu. Mvua ikinyesha kabla haujavunwa, mavuno huyeyuka na kupotea. Wenyewe huuita mana, jina lile lile la chakula walichoteremshiwa Wana wa Israeli jangwani.

Kwa karne nyingi mama wa Ulaya aliyekuwa na mtoto asiyepata choo alimkorogea mana kwenye maji au maziwa. Ilifanya kazi, lakini hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1806 mkemia Mfaransa Joseph Louis Proust akaitenga ile sukari kutoka kwenye mana, na hapo ndipo siri ilipoanza kufunguka.

Siri yenyewe ni moja tu: manitoli huvuta maji, na mwili hauipokei kirahisi. Ukiila, utumbo unashindwa kuifyonza yote, hivyo maji yanaifuata humo humo na choo kinalainika. Ukiwekewa kwenye mshipa, haipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Inabaki ndani ya damu na kuyavuta maji kutoka kwenye ubongo uliovimba. Ikifika kwenye figo huchujwa, lakini hairudishwi mwilini, basi hutoka kwenye mkojo pamoja na yale maji. Tabia ile ile iliyomsaidia yule mtoto wa Ulaya ndiyo inayompa nafasi kijana wetu wa bodaboda. Leo viwanda huitengeneza kutokana na sukari ya fruktosi, bila kuchanja mti wowote, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Ndugu wa mti huo wa mana, mfraksini wa kawaida, Fraxinus excelsior, ni mti mkubwa wa misitu ya Ulaya, unaoweza kupita mita 30. Mbao zake hazivunjiki upesi, ndiyo maana zikawa mipini ya shoka na majembe. Mrumi Plinio aliandika kwamba nyoka ni radhi apite motoni kuliko kupita juu ya majani yake. Wazee wa Ulaya walichemsha gome lake kutibu homa, na majani yake kutibu maumivu ya viungo.

Mti huu una kemia ya kupendeza macho. Loweka kipande cha gome lake kwenye glasi ya maji, ukiweke juani: maji hutoa mng'ao wa samawati. Kinachong'aa ni fraksini, kemikali ya kundi la kumarini, inayopokea mwanga wa jua tusiouona na kuurudisha ukiwa rangi tunayoiona. Eskuletini, ya kundi hilo hilo, imeonekana maabara ikizuia baadhi ya vimeng'enya vinavyochochea uvimbe. Kwa hiyo wazee hawakuwa wakibahatisha tu.

Hata hivyo, maabara si mwili wa mgonjwa. Kamati ya Dawa za Mitishamba ya Wakala wa Dawa wa Ulaya imeyakubali majani ya mfraksini kwa maumivu madogo ya viungo na kuongeza mkojo, lakini kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi. Majaribio ya kutosha kwa wagonjwa hayapo.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Miti hii miwili ni ndugu, na yote ilianzia mikononi mwa wazee. Mmoja umefika kwenye dripu kwa sababu kitu chake kilitengwa, kikapimwa, kikajulikana kinavyofanya kazi na kinavyodhuru. Daktari hutoa manitoli kwa uzito wa mgonjwa, kuanzia robo gramu hadi gramu 1 kwa kila kilo. Ikizidi, humkausha mtu maji na kuumiza figo zake. Kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu.

Na muda si wetu. Ugonjwa wa kuvu uliotoka Asia Mashariki umekuwa ukiua mifraksini ya Ulaya tangu dalili zake zilipoonekana Poland mwaka 1992. Ulithibitishwa Uingereza mwaka 2012. Mti ukiisha, elimu yake huisha nao.

Sisi tuna ndugu za mfraksini. Asumini tunayoitunga kwenye vikuba ni ya ukoo huo huo, na vilevile mzeituni mwitu wa nyanda za juu, ambao Wamasai hutumia kijinga chake kusafishia vibuyu vya maziwa. Tuna pia wataalamu: Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974.

Basi mzee mwenye dawa, usife nayo. Mwonyeshe mtafiti mti wako, na jina lako liandikwe pamoja nao. Serikali, wekeni fedha maabara. Nawe msomaji, kama unakunywa mizizi au majani ya aina yoyote, mwambie daktari wako kabla hajakuandikia dawa. Usimfiche; anahitaji kujua ili akupimie sawasawa.