Mota ikihema, ujue darubini imeelemea!

Umeshawahi kusukuma mkokoteni mlimani? Kupanda unahema, kushuka unateleza tu. Mota ya darubini nayo ndivyo ilivyo.

Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zinaonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Ukitaka kuzipiga picha, lazima mota iigeuze darubini taratibu kuzifuata. Sasa kama upande mmoja ni mzito mno, mota inahenyeka, gia zinalika, na nyota kwenye picha zinatoka michirizi mitupu. Umekesha bure, usiku umekwenda na maji!

Wengi hulegeza stendi wakapima kwa mkono. Lakini stendi nyingine ni ngumu, mkono unadanganyika. Umeme haudanganyi, bwana!

Kama mota ni ya disii, pitisha waya mmoja wa betri kwenye amita. Laza darubini ubavuni, ipandishe kidogo, soma namba. Ishushe kwa kasi ileile, soma tena. Kupanda ikila umeme mwingi kuliko kushuka, darubini ndiyo nzito: sogeza jiwe la mizani mbali na mhimili. Ikiwa kinyume, lisogeze karibu. Namba zikilingana, kazi imekwisha. Mhimili wa pili nao ni vivyo hivyo, ila hapo unasogeza darubini yenyewe mbele au nyuma.

Huna amita? Fundi redio wa mtaani kwenu anayo. Kamwombe akuazime, usione haya!